Penye watu hakuna maji, penye maji hakuna watu

Basi la Nachingwea kwenda Liwale lilikuwa limebeba simtanki juu ya keria. La lita elfu moja, jeusi, limelazwa ubavu na kufungwa kwa kamba za manila, na kila tairi lilipoingia shimoni lilitoa mlio kama ngoma iliyolegea. Mwenye mali alikaa siti ya mbele yangu. Shimo likija, anainua macho kutazama dari. Ilikuwa Septemba, barabara vumbi tupu, na kwa muda mrefu dirishani hapakupita kitu ila miti iliyopukutika, vichuguu, halafu miti tena. Ndipo akageuka akaniambia, "Ardhi yote hii imelala bure, kaka."

Niliitikia kwa kichwa tu, maana safari ilikuwa ndefu na mimi si mtu wa kubishana kwenye basi. Lakini kauli ile nimeisikia sana. Nimeisikia kwa madiwani, kwa maofisa wanaokuja na ramani za uwekezaji, kwa madalali wa Mtwara mjini, hata kwa jamaa zangu wa Dar es Salaam ambao hawajawahi kuvuka Kilwa. Kusini kuna mapori. Kusini ardhi ipo, watu hakuna. Kwangu mimi ni kauli inayopotosha kuliko nyingi zinazosemwa kuhusu mikoa hii miwili, Lindi na Mtwara, na ubaya wake ni kwamba tarakimu zinaonekana kuiunga mkono.

Sensa ya 2022 iliukuta Mkoa wa Lindi na watu 1,194,028, na Mtwara 1,634,947. Sasa tazama ukubwa. Mtwara haifiki kilomita za mraba 17,000. Lindi ina kama 66,000. Maana yake Mtwara wanaishi watu karibu 98 katika kila kilomita ya mraba, na ukivuka mpaka kuingia Lindi wanabaki 18. Na hii ilikuwa mkoa mmoja hadi 1971. Mvua yao ni ya msimu mmoja, korosho yao ni ileile, na koo zao zimechanganyikana kiasi kwamba kwenye msiba wa Masasi nusu ya waombolezaji wanatoka Nachingwea. Ukishuka hadi wilayani pengo linazidi: mwaka 2012 Wilaya ya Newala ilihesabiwa watu 205,492 na Liwale 91,380, ilhali Liwale inaizidi Newala kwa ukubwa zaidi ya mara kumi.

Shuleni tulikaririshwa sababu za watu kujaa mahali: maji ya uhakika, udongo wenye rutuba, mabonde ya mito, njia za usafiri. Nilipata alama zangu zote kwenye swali hilo. Kisha nikaenda Newala.

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na juu ya uwanda ule hakuna mto. Hakuna hata kijito. Udongo ni mchanga, mwekundu na mlaini, na mvua ikinyesha inazama moja kwa moja, inapita chini kwa chini na kutokeza kwenye chemchemi huko miteremkoni. Ukisimama Shimo la Mungu, pale ardhi inapokatika ghafla ukingoni mwa mji, unaliona bonde la Ruvuma limelala chini, kijani, na mto wenyewe ukiwaka kwa mbali, na ng'ambo ni Msumbiji. Maji yote yale yako kule. Watu wote wako huku juu. Kama kuna mahali Tanzania ambapo kitabu cha jiografia kinaumbuka hadharani, ni pale ukingoni.

Nililala kwa bibi wa rafiki yangu mmoja, nyumba ya matofali ya saruji iliyojengwa kwa fedha za korosho. Paa lote lilikuwa limezungushiwa mifereji ya bati, na mifereji ikaungana kwenye bomba moja linaloingia barazani, chini ya sakafu. Huko chini kuna kisima: shimo la kina cha watu wawili, limesakafiwa kwa saruji, lina mfuniko wa chuma. Kufuli la mfuniko lilikuwa kubwa kuliko la mlango wa mbele. Bibi mwenyewe ndiye alikuwa na ufunguo, umefungwa kwenye pindo la khanga, na asubuhi alifungua, akashusha ndoo ndogo kwa kamba, akasikiliza. Kwa mlio wa ndoo kugusa maji alijua yamebaki ya miezi mingapi.

Nikamwuliza, "Bibi, wazee wenu waliona nini huku juu, na mto uko kule chini?"

Akacheka kwanza. "Maji unayafuata, mjukuu wangu, ukishateka unarudi. Aliyechukuliwa harudi."

Aliyechukuliwa. Hakuhitaji kunieleza zaidi. Karne ya kumi na tisa misafara ya watumwa iliingia bara ikitokea Kilwa, Lindi na Mikindani, na bonde la Ruvuma lilikuwa njia. Baadaye wakaja Wangoni, ambao huku walijulikana kama Magwangwara. Mwaka 1882 waliivamia Masasi, mahali ambapo wamisionari wa Kiingereza walikuwa wamewapa makazi watumwa waliokombolewa, wakaua, wakateka, na waliosalia wakasogea Newala. Uwanda ule wakati huo haukuwa mikorosho na mihogo kama leo. Ulikuwa kichaka kilichosukwa, miiba na mitambaazi, ambamo mgeni asiyejua vijia anageuka kuwa windo. Kwa hiyo watu walichagua. Waliacha maji wakachukua usalama, na wanawake wao, kwa sababu gharama za namna hii huwa zinawaangukia wao, wakalipia chaguo hilo kwa kushuka genge na kupanda na mtungi kichwani kwa zaidi ya miaka mia.

Mradi wa maji wa Makonde, unaosukuma maji kutoka bondeni Kitangari kuyapandisha juu, ulianza miaka ya 1950. Una umri wa kustaafu sasa na bado kufuli la bibi liko pale pale.

Mtu anaweza kusema hofu hiyo ni ya kale. Ni ya kale, ndiyo. Lakini Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kilichoko bondeni kando ya Ruvuma, kilivamiwa usiku na wapiganaji waliovuka kutoka Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, na waliokimbia walikimbilia upande ule ule ambao babu zao walikimbilia. Hofu ikishachora njia mara moja, njia haifutiki upesi.

Hadi hapo ni hofu na mazingira. Uchumi uliingia baadaye, na uliingia kwa bahati ambayo mpaka leo inanishangaza. Mkorosho uliletwa pwani ya Afrika Mashariki na Wareno kutoka Brazili, na kwa muda mrefu ulikuwa mti tu wa kivuli na mabibo. Zao la biashara lenye uzito huku kusini limekuja karne ya ishirini, hasa baada ya vita vya pili vya dunia. Na mti huu unataka nini? Unataka mchanga wenye kina, ili mizizi ishuke mbali. Unataka kiangazi kikavu wakati wa kutoa maua, maana unyevu unauletea magonjwa. Hauombi mto. Kwa maneno mengine, watu waliokimbilia kwenye mchanga usio na maji walikuja kugundua kwamba wamekalia shamba bora kabisa la mti unaopenda mchanga usio na maji. Wangebaki bondeni wangelima mpunga na kuhesabu mamba. Huku juu wakapanda korosho ndani ya mihogo, kichaka kikafyekwa, na kilichoanza kama maficho kikawa mali. Tandahimba na Newala zilijaa mara ya pili, safari hii kwa sababu ya bei.

Turudi Liwale sasa, kwenye ile "ardhi iliyolala".

Nani aliyeilaza? Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 kwenye milima ya Wamatumbi, leo Wilaya ya Kilwa, na mwezi uliofuata boma la Wajerumani la Liwale lilikuwa limeangushwa. Jibu la Wajerumani lilikuwa moto: vijiji, maghala, mashamba. Waliokufa kwa risasi ni wachache ukilinganisha na waliokufa kwa njaa iliyofuata. Makadirio ya vifo yanaanzia 75,000 na wako wanahistoria wanaofika 300,000. Hata ukichukua ile tarakimu ndogo, kwa nchi yenye watu wachache namna ile ni kama kufagia. Mashamba yakarudi kuwa msitu. Msitu ukaleta wanyama, wanyama wakaleta mbung'o, mbung'o akaleta malale. Kisha serikali ya Mwingereza ikatumia malale kama hoja. Miaka ya 1940 iliwahamisha maelfu ya watu kutoka vijiji vya Liwale, ikawakusanya sehemu nyingine, na ardhi waliyoiacha ikaingizwa ndani ya Pori la Akiba la Selous. Pori likakua mpaka likawa miongoni mwa makubwa kabisa Afrika, karibu kilomita za mraba 50,000. Mwaka 1982 likawa urithi wa dunia, na mwaka 2019 sehemu yake ya kaskazini ikakatwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Kwa hiyo yale ninayoyaona dirishani si mwitu wa tangu kuumbwa ulimwengu. Ni mahame. Wazee wa Liwale bado wanataja vijiji kwa majina ambavyo leo viko ndani ya pori, wanaonyesha upande kwa kidevu, na ukiwasikiliza vizuri unasikia miembe. Mwembe haujipandi katikati ya miombo. Palipo na mwembe mkubwa porini, palikuwa na ua wa mtu.

Sisemi Selous isingekuwepo. Ninachosema ni kwamba ukiweka wilaya ambayo sehemu kubwa yake ni hifadhi kwenye kikokotoo, ukagawa watu kwa eneo lote ukapata watu wawili au watatu kwa kilomita ya mraba, halafu ukatangaza kwamba kuna ardhi ya kugawa, hujafanya hesabu ya jiografia. Umefanya hesabu ya dalali.

Kuna somo la namna hiyo hiyo ambalo kusini tumeshalipia. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango wa karanga. London ilitaka mafuta ya kupikia, na wataalamu wakatazama ramani wakaona Nachingwea ni tupu, basi inafaa. Wakaleta matrekta, wakachimba bandari ya kina Mtwara, wakatandika reli kutoka Mkwaya karibu na Lindi hadi Nachingwea na baadaye kuiunganisha na Mtwara. Visiki vikavunja majembe, udongo ukakauka ukawa kama saruji, mvua haikufuata ratiba ya ofisini. Mwaka 1951 mpango ulikufa. Bandari ilifunguliwa 1954, karanga zenyewe hazipo. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waliobaki na hasara kwa muda mrefu zaidi ni watu wa Lindi, kwa maana makao makuu ya jimbo yalihamishiwa Mtwara kufuata bandari, na mji wa zamani wenye majumba yake ya pwani ukaanza kuchakaa taratibu. Ukitembea Mtwara mjini leo bado unaiona ndoto ile: barabara pana za jiji kubwa, mitaa iliyotawanyika, Shangani huku na Ligula kule, katikati nafasi. Wageni hudhani ni mpangilio mzuri. Ni mji uliochorewa watu ambao hawakuja.

(Nachingwea yenyewe ilipata kazi nyingine. Majengo na mashamba yaliyoachwa na mpango wa karanga yalikuja kuwa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji. Mahali pakishafunguliwa hapalali kabisa, hata kama aliyepafungua alikosea.)

Pigo lililofuata lilikuwa letu wenyewe. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwatoa watu kwenye mashamba yao ikawapanga kando ya barabara, ili shule, zahanati na bomba viwafikie. Nia yake sina ugomvi nayo. Lakini mkorosho si mhindi, huwezi kuuhamisha. Mtu aliyekuwa anaamka na kuokota korosho uani akajikuta shamba liko mwendo wa saa mbili, akaliachia nyasi na moto. Juu yake ukaja ubwiriunga, ule ugonjwa unaomwaga vumbi jeupe kwenye maua, na bei ya mkulima ikawa ya kukatisha tamaa. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna kama tani 145,000. Kufikia 1986/87 tani zilikuwa hazifiki 17,000.

Tarakimu hizo mbili hapo juu ndizo, kwa maoni yangu, zilizomleta machinga mjini. Wamachinga ni watu wa pwani ya Lindi, wa upande wa Mchinga, na vijana wa Lindi na Mtwara walioingia Dar es Salaam miaka ile ya dhiki wakitembeza mashati begani na soksi mkononi ndio waliolipa jina kundi zima. Leo machinga anaweza kuwa Mhaya au Mgogo, hakuna anayejali. Kuna hadithi ya vijiweni inayolipa neno hilo asili ya Kiingereza, hainiingii akilini. Ninachojua ni kwamba katika lugha yetu tumehifadhi ushahidi wa uhamaji mkubwa wa watu bila kukusudia: mti ulipokauka Tandahimba, barabara ya Msimbazi ilijaa.

Njia ya kutokea nayo ilikuwa adhabu. Vijana wa siku hizi wanaolala ndani ya basi jioni na kuamka Mtwara hawajui kivuko cha Ndundu kwenye mto Rufiji. Masika ikikolea, mabasi yalikaa ng'ambo siku kwa siku, watu wakapika kando ya tope, na kuna waliozaliwa foleni. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita kama sitini tu, kikaendelea kututesa miaka mingine zaidi ya kumi kabla lami haijakamilika. Ninaweka uzito mkubwa kwenye kipande hicho kuliko watu wengi wanavyoweka. Kusini hakukuwa mbali. Kulikuwa hakufikiki, na hilo ni jambo lingine kabisa.

Na hapa ndipo sensa inasema jambo ambalo sijaona likijadiliwa inavyostahili. Kati ya 2002 na 2012 Lindi iliongezeka kwa watu kama 75,000 tu, ikawa miongoni mwa mikoa inayokua polepole kabisa nchini. Kisha kati ya 2012 na 2022 ikatoka 864,652 hadi 1,194,028. Ongezeko la asilimia 38, sawa na mwendo wa taifa zima. Mtwara katika miaka hiyo hiyo iliongezeka kwa chini ya asilimia 29. Sasa, wanawake wa kusini wanazaa watoto wachache kuliko wastani wa nchi. Tafiti za afya zimekuwa zikionyesha hivyo kwa miaka. Kwa hiyo ongezeko la Lindi haliwezi kuwa la wodi ya wazazi peke yake. Watu wamehamia.

Ni akina nani? Kwa ninavyoona, ni makundi matatu yanayokutana njiani bila kufahamiana. Wa kwanza ni wafugaji. Baada ya kuondolewa Ihefu na Usangu, mkoani Mbeya, mwaka 2006 na 2007, maelfu ya ng'ombe waliswagwa kuelekea Pwani na Lindi, kwa sababu kwenye makaratasi Lindi ilikuwa na nafasi. Mbung'o alikuwa amewafukuza ng'ombe huku kwa vizazi; mkulima wa Kilwa au Nachingwea hakuwa na desturi ya kuwekea shamba lake uzio, wala ya kugawana kisima na kundi la ng'ombe mia tatu. Ugomvi uliofuata umemwaga damu, na hautaisha kwa kuitisha vikao vya amani peke yake kama hakuna anayeonyesha ng'ombe apite wapi na anywe wapi.

Wa pili ni wale waliorudi. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima anaweka korosho ghalani, anapewa hati, kisha zinauzwa mnadani, ulipoanza 2007, kelele zilikuwa nyingi, na nyingine za haki kabisa, maana mkulima alikaa wiki anasubiri malipo huku mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua kwa magendo nje ya mfumo, akimnong'oneza dirishani. Lakini mnada ulipokaza bei, hadi kuvuka shilingi 4,000 kwa kilo msimu wa 2017/18, mashamba yaliyoachwa tangu enzi za vijiji yakafyekwa upya. Mwaka huo nchi ilifikisha tani 313,000. Mwaka uliofuata wanunuzi wakashusha bei, serikali ikaingiza jeshi kukusanya korosho kwa shilingi 3,300, na mambo yakawa yale yaliyokuwa. Hata hivyo fundisho lilikuwa limeshaingia: shamba ni akiba. Tena sensa yetu hufanyika Agosti, mwezi wa kupulizia salfa, kabla msimu haujafunguliwa. Kama makarani wangepita Novemba, wakati kijana wa Kariakoo yuko kwao anasubiri malipo ya korosho, naamini Tandahimba ingekuwa na sura nyingine.

Wa tatu ni watu wa uwandani wenyewe. Ardhi ya Newala na Tandahimba imegawanywa na kugawanywa, mikorosho imezeeka, na mtoto wa leo anarithi miti minane. Anasikia Liwale ufuta unastawi kwenye ardhi mpya bila mbolea, anasikia ekari inapatikana kwa bei ya pikipiki chakavu. Anauza kidogo, anahama. Baada ya karne na nusu, yale maficho yameanza kumwaga watu kurudi kwenye nchi iliyo na mito.

Gesi nitaigusa kidogo tu, kwa sababu katika kuamua watu wakae wapi imefanya kidogo kuliko kelele zake. Songo Songo iligunduliwa 1974, Mnazi Bay 1982, na mwaka 2013 Mtwara iliwaka moto kwa kukataa gesi isisafirishwe. Bomba likakamilika 2015, likaenda Dar es Salaam. Bomba halina wafanyakazi wengi, linalindwa, halilimwi. Kilichobaki mjini ni nyumba za wageni zenye vyumba vingi kuliko wageni na viwanja vilivyonunuliwa kwa bei ya kichaa na watu ambao sasa wanapanda mchicha ndani yake. Likong'o, jirani na Lindi mjini, nako eneo limetengwa kwa mtambo wa kuchakata gesi ya baharini. Lindi inasubiri. Mji ule una uzoefu mkubwa wa kusubiri.

Jambo linalonitia wasiwasi ni la mawinguni. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita, mvua ikafagia makalavati na kingo za madaraja maeneo ya Somanga na Kilwa, na kwa siku kadhaa barabara ya Dar es Salaam ilikuwa imekatika kabisa. Malori yakapanga foleni, nyanya zikaoza, bei ya sukari Lindi ikapaa. Wazee walitabasamu kwa uchungu: Ndundu imerudi. Lami iliyohamisha watu kwa miaka kumi ilionekana nyembamba sana. Na uwandani, mvua ikichelewa mwezi mmoja, sauti ya ndoo ya bibi inabadilika. Ikija mwezi wa maua, korosho ndiyo inabadilika. Watu wa huku wanaishi kwa kutegemea mbingu ifanye mambo mawili yasiyoendana, kujaza kisima na kutolowesha ua.

Yule jamaa wa simtanki alishuka kabla ya kufika Liwale mjini, mahali ambapo hapakuwa na kituo, ila mbuyu na pikipiki mbili. Kondakta akapanda juu, kamba zikafunguliwa, tangi likashushwa kwa mikono ya watu wanne. Baada yake zikashuka trei mbili za miche ya mikorosho iliyofunikwa gunia bichi. Nikamwuliza kwa dirishani kwao hasa ni wapi.

"Tandahimba. Huku nimepata ekari kumi."

"Na mto si uko karibu, kaka? Tangi la nini?"

Alilisimamisha tangi, akagonga ubavu wake kwa kiganja, akasikiliza kama lina ufa.

"Mto si wangu," akasema.

Basi liliondoka. Kwa nyuma nilimwona analibiringisha kuingia kwenye kijia, mtoto wa kiume anatangulia na panga akipunguza matawi, na mwanamke nyuma yao ana miche kichwani, anatembea bila kuishika.